Habari za Wamaya wa Amerika na Vitabu Vyao Vilivyochomwa

Wasomaji wetu wengi huamka alfajiri wakaenda kupalilia mahindi, na jioni huketi kuuzunguka ugali wa mahindi, wala hawaulizi nafaka hii ilitoka wapi. Jina lake lataka kutuambia ya kuwa ilitoka Bara Hindi. Jina hilo latudanganya. Mahindi yalitoka Amerika, katika nchi iitwayo sasa Meksiko. Huko watu wa kale, yapata miaka 9,000 iliyopita, walianza kuchagua mbegu za nyasi fulani ya mwituni yenye punje chache ngumu, wakazipanda na kuzichagua tena, kizazi baada ya kizazi, hata likapatikana gunzi nene tulijualo sisi. Baada ya mwaka wa 1492 nafaka hiyo ilivuka bahari katika merikebu za Wazungu. Columbus naye alikosea kwa namna yake: alipofika visiwa vya Amerika mwaka huo alidhani amefika pande za Bara Hindi, akawaita wenyeji Wahindi, na kosa hilo likadumu mamia ya miaka. Basi watu wale na nafaka yao wote pamoja walipewa jina la nchi wasiyoijua.

Miongoni mwa watu wa Amerika walioishi kwa mahindi tangu kale ni Wamaya. Nchi yao ni rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, pamoja na Guatemala na Belize, na sehemu za Honduras na El Salvador. Wala si taifa lililokwisha, kama wengine wanavyodhani. Hata leo wako kwa mamilioni, na lugha zao zapata 30, nazo zina udugu kama lugha zetu za Kibantu zilivyo na udugu. Tumetaka kuandika habari za majengo yao, na sanaa yao, na imani yao. Lakini habari hizo haziwezi kuandikwa pasipo kueleza pia jinsi vitabu vyao vilivyochomwa moto, na aliyevichoma alikuwa mtumishi wa Kanisa. Jambo hilo ni chungu kwa Mkristo kulisoma. Hata hivyo tumeona si haki kulifunika, hasa kwa kuwa mengi tuyajuayo ya Wamaya yametoka katika mkono ule ule ulioshika mwenge.

Kwanza tutazame majengo. Wamaya hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Kila mji ulikuwa na mfalme wake na mahekalu yake, na miji hiyo ilipigana vita, ikapatana, ikapigana tena. Miji mikubwa ya kusini, kama Tikal, Palenque na Copán, ilisitawi tangu mwaka wa 250 hivi hata mwaka wa 900 hivi baada ya kuzaliwa Kristo. Wajenzi wake hawakuwa na chuma. Hawakuwa na ng'ombe wala punda, wala gari la magurudumu. Jiwe walilichonga kwa jiwe lililo gumu zaidi, wakalibeba kwa mabega na kwa kamba zilizopitishwa kwenye paji la uso, kama mama zetu wengine wabebavyo kuni. Chokaa waliipata kwa kuchoma mawe kwa kuni nyingi sana, kama mafundi wa pwani yetu walivyochoma matumbawe, wakazipaka kuta na sakafu na ngazi hata mji ukang'aa katikati ya msitu.

Huko Tikal liko hekalu moja lipatalo meta 47 kwenda juu, na ngazi zake zainuka kama ukuta. Chini yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyetawazwa mwaka wa 682. Mtu alionaye kwa mbali hudhani ndani yake mna ukumbi wa kuwaingiza watu mia. Kumbe juu kabisa mna vyumba vitatu tu, vyembamba kama njia za kupitia. Sababu ni mbili. Ya kwanza, Wamaya hawakulijua tao la mviringo tulionalo katika makanisa. Walipandisha kuta mbili, na kila safu ya mawe ikatokeza mbele kidogo kuliko safu ya chini yake, hata kuta zikakaribiana, ndipo wakaiziba nafasi ya juu kwa mawe bapa. Paa la namna hiyo haliwezi kufunika chumba kipana, nalo lataka kuta nene sana. Sababu ya pili ni ya ibada yenyewe: watu wote walisimama chini uwanjani, na juu walipanda mfalme na makuhani tu. Hekalu lilijengwa litazamwe kutoka nje, na uwanja ndio uliokuwa kanisa lao.

Kule Palenque liko hekalu jingine lenye maandishi mengi kutani. Kwa muda mrefu watu walipanda, wakaingia, wakatoka, wasijue kilichomo chini. Mwaka wa 1949 mtaalamu wa Meksiko, Alberto Ruz Lhuillier, aliona ya kuwa jiwe moja la sakafuni lina matundu yaliyozibwa, na ya kuwa kuta za chumba hazikuishia sakafuni bali zaendelea chini. Akaliinua. Chini yake palikuwa na ngazi iliyojazwa mawe na kifusi makusudi. Kazi ya kuondoa kifusi hicho iliendelea kiangazi baada ya kiangazi, na mwaka wa 1952 wakafika mlangoni pa kaburi. Humo alilazwa K'inich Janaab Pakal, aliyetawazwa mwaka wa 615 akiwa mtoto wa miaka 12, akafa mwaka wa 683. Uso wake ulifunikwa kwa sura iliyoungwa kwa vipande vya jiwe la kijani, ambalo kwa Wamaya lilikuwa na thamani kupita dhahabu, kwa kuwa rangi yake ni rangi ya maji na ya jani la mhindi mchanga. Kifuniko cha jeneza ni jiwe moja lipatalo urefu wa meta 3.8, nacho kimechongwa sura ya mfalme akiwa katika kinywa cha nchi, na juu yake umesimama mti mkubwa wa ulimwengu. Ubavuni mwa jeneza wamechongwa wazazi na mababu zake wakichipuka ardhini, kila mmoja pamoja na mti wa matunda: huyu kakao, yule parachichi, mwingine mpera. Na katika ngazi ile wajenzi walipitisha mfereji mwembamba wa mawe kutoka kaburini hata hekaluni juu, ili pumzi ya mfalme isikatwe na walio hai.

Hatudhani ya kuwa msomaji wa Kiafrika ahitaji kuelezwa sana maana ya mfereji ule.

Imani yao kwa ufupi ni hii. Ulimwengu una pembe nne, na kila pembe ina rangi yake: mashariki nyekundu, kaskazini nyeupe, magharibi nyeusi, kusini njano. Katikati ni kijani, na hapo umesimama mti mkubwa wa ulimwengu, nao ni msufi, mti wa jamii ile ile utupao sufi ya kujaza mito. Mizizi yake yafika kwa wafu na matawi yake yafika mbinguni. Miungu ilikuwa mingi, na katika Yucatán aliyeombwa kuliko wengi ni Chaak, mwenye mvua. Jambo hilo halina ajabu kwake yeye aijuaye nchi ile. Kaskazini mwa Yucatán karibu hapana mito juu ya ardhi. Maji ya mvua hupenya katika mawe ya chokaa, na watu huyapata katika mashimo makubwa ya asili ambako ardhi imetitia. Mvua ikikosa, hapana mahindi. Na pasipo mahindi hapana mtu.

Wala hatutaki kuwapamba kupita kweli. Dini yao ilikuwa na damu. Wafalme na malkia walijitoboa wenyewe ili damu yao iwe sadaka. Katika jumba la ukumbusho la London liko jiwe kutoka mji wa Yaxchilán, limechongwa sura ya malkia aitwaye K'abal Xook amepiga magoti akipitisha kamba ya miiba katika ulimi wake, na mumewe amesimama mbele yake akimwangazia kwa mwenge. Tarehe iliyoandikwa humo yalingana na mwaka wetu wa 709. Nguo ya malkia imechongwa kwa ustadi mwingi hata mtu aweza kuhesabu marembo ya mfumaji. Na walitoa watu pia. Katika shimo kubwa la maji la Chichén Itzá yametolewa mawe ya thamani, na dhahabu, na mifupa ya watu wazima na ya watoto. Kuta za Bonampak, zilizopakwa rangi katika miaka ya mwisho wa karne ya nane, zaonyesha wapiga tarumbeta na wapiga ngoma katika mavazi mazuri, na katika chumba kinachofuata wamo mateka wa vita, kucha zao zikitoka damu. Mchoraji alikuwa fundi mkubwa, na aliyoyachora ni hayo.

Sasa tuje kwenye masimulizi yao ya kuumbwa kwa watu. Masimulizi hayo yamehifadhiwa na Wak'iche', kabila la Wamaya wa milima ya Guatemala, katika kitabu kiitwacho Popol Vuh. Yasema ya kuwa hapo mwanzo palikuwa na mbingu na bahari tu, palikuwa kimya, na miungu ikasema neno, nchi ikatokea. Wakaumba wanyama, lakini wanyama hawakuweza kutaja majina ya waumba wao; walilia tu, kila mmoja kwa sauti yake. Miungu ikafinyanga mtu wa udongo, naye akalainika kwa maji akabomoka. Ndipo ikachonga watu kwa mti. Hao walisema na kuzaa na kuijaza nchi, lakini hawakuwa na moyo wala kumbukumbu, wala hawakuwakumbuka waliowafanya. Basi mafuriko yakaletwa juu yao, na vyombo vyao vyenyewe vikawaasi: vyungu vikawalaumu kwa kuvichoma motoni kila siku, mawe ya kusagia yakawalaumu kwa kusugua nyuso zao toka asubuhi hata jioni, na mbwa wakawalaumu kwa kuwapiga na kuwanyima chakula. Waliosalia wakawa nyani. Tulipomsimulia haya mzee mmoja wa kijiji tunakofundisha, alicheka sana, kisha akamtazama mbwa wake aliyelala mlangoni, akasema, "Huyu naye ana kesi nami."

Mwisho wanyama wanne, kunguru na kasuku wakiwamo, waliwaonyesha waumbaji mlima uliojaa mahindi ya njano na meupe. Bibi kizee wa miungu, Xmucane, akayasaga mara tisa, na kwa unga huo wakafanywa watu wanne wa kwanza, wanaume. Hao waliona kila kitu, karibu na mbali, mbinguni na chini ya nchi, na wakashukuru. Lakini miungu ikaogopa ya kuwa watu hawa watalingana nayo, ikayapulizia macho yao, yakafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, wakabaki kuona yaliyo karibu tu.

Wasomaji watakumbuka Kitabu cha Mwanzo hapa, na gharika, na mti wa ujuzi. Wako waliosema ya kuwa Wak'iche' waliyapata haya kwa mapadre, kwa kuwa kitabu kiliandikwa kwa herufi za Kizungu baada ya Wahispania kufika. Sisi twaona neno hilo ni jepesi mno. Mtu wa mahindi hayumo katika Biblia, wala chungu kilichomlaumu mpishi.

Lakini Popol Vuh ni kitabu cha siku za baadaye. Wamaya walikuwa na vitabu vyao wenyewe zamani, na maandishi yao wenyewe, yasiyotoka kwa Wazungu wala kwa Waarabu wala kwa taifa lolote la upande huu wa bahari. Karatasi waliifanya kwa gome la mti wa jamii ya mkuyu, walilolipondaponda hata likawa laini, kama Waganda wafanyavyo nguo ya gome la mutuba. Wakalipaka chokaa nyeupe, wakalikunja huku na huku kama kuti la ukili, na juu yake wakaandika kwa burashi, kwa wino mweusi na mwekundu. Alama zao zapata 800. Hesabu yao ilikuwa ya ishirini-ishirini: nukta ni moja, kistari ni tano, na sifuri iliandikwa kwa sura ya kombe la pwani. Walikuwa na mwaka wa siku 365, wenye miezi 18 ya siku 20 na siku tano za mkosi mwishoni, na hesabu nyingine ya siku 260 kwa mambo ya ibada. Hesabu hizo mbili hukutana tena kila baada ya miaka 52. Waliifuata nyota ya Zuhura, wakajua ya kuwa hurudi mahali pake baada ya siku 584. Haya yote yameonekana katika kitabu kimoja kilichoko Dresden, mji wa Ujerumani. Vitabu vya namna hiyo vilivyosalia ulimwenguni ni vinne tu: cha Dresden, cha Madrid, cha Paris, na kimoja kilichoko Meksiko.

Vingine vilikwenda wapi? Vingi viliharibiwa na unyevu na miaka. Lakini si vyote.

Mwaka wa 1542 Wahispania walianzisha mji wa Mérida katika Yucatán, juu ya mji wa Wamaya, wakatumia mawe ya mahekalu kujengea nyumba zao. Mwaka wa 1549 akaja mtawa mmoja kijana wa Wafransisko, Diego de Landa, mwenye umri wa miaka 25 hivi. Alijifunza Kimaya akakijua vizuri, akatembea vijijini, akauliza maswali mengi, na wazee wenye elimu wakamwonyesha hata vitabu vyao. Huko Izamal alijenga nyumba ya watawa juu ya msingi wa hekalu la kale, kwa mawe ya hekalu hilo. Ikamalizika mwaka wa 1561, nayo ingalipo, na uwanja wake ni mpana ajabu, kwa kuwa ni uwanja wa wale wa kwanza. Wamaya wengi walikuwa wamebatizwa. Landa akaamini ya kuwa kazi imekwisha.

Mwezi wa Mei, mwaka wa 1562, karibu na mji wa Maní, vijana wawili waliona pango lenye sanamu na mafuvu ya watu. Habari ikamfikia Landa, aliyekuwa sasa mkuu wa watawa wote wa nchi ile. Akaona amedanganywa na watu aliowapenda, na hasira ya mtu wa namna hiyo ni kali kuliko hasira ya adui. Watu wakakamatwa kwa mamia, wakafungwa mikono, wakaning'inizwa kwa kamba na kufungwa mawe miguuni hata wakiri. Katika uchunguzi uliofanywa baadaye ilisemwa ya kuwa zaidi ya watu 4,500 waliteswa, na 158 walikufa. Wengine walikiri mambo ya kutisha ya kutoa watu sadaka. Lakini ungamo la mtu anayening'inia kwa mikono, ni nani awezaye kulipima? Tarehe 12 Julai mwaka huo, mbele ya watu wote waliokusanywa Maní, sanamu zikavunjwa, na vitabu vikatiwa motoni. Idadi itajwayo mara nyingi ni vitabu 27. Landa mwenyewe aliandika habari hiyo baadaye pasipo kuificha: ya kuwa waliona vitabu vingi vya herufi zao, na kwa kuwa havikuwa na kitu ila ushirikina na uongo wa shetani wakavichoma vyote, na ya kuwa watu walisikitika kupita kiasi. Aliliona sikitiko lao, akaliandika, wala hakuliuliza maana yake.

Mwezi wa Agosti akafika askofu mpya, Francisco de Toral, naye pia Mfransisko. Alipoona yaliyotendwa aliyakomesha, akawafungua wafungwa, akaandika mashtaka juu ya Landa. Twaona inafaa kusema hivi wazi, kwa kuwa wako wajiteteao kwa kusema ya kuwa siku zile hapana Mkristo aliyejua vema zaidi. Toral alijua. Ni Mkristo wa siku zile zile, wa shirika lile lile.

Mwaka wa 1563 Landa alikwenda Hispania kujitetea, na wakati kesi yake ikingojea hukumu, yapata mwaka wa 1566, akaandika kitabu juu ya mambo ya Yucatán. Mashamba, ndoa, chakula, miezi na sikukuu, ramani za mahekalu ya Izamal na Chichén Itzá, yote yamo. Hapana mgeni wa siku zile aliyeandika habari za Wamaya wa Yucatán kwa wingi kama yeye. Mwisho alihesabiwa hana hatia, na Toral alipokufa yeye akafanywa askofu mahali pake, akarudi mwaka wa 1573, akafa Mérida mwaka wa 1579. Kitabu chake kikapotea. Nakala iliyofupishwa ilionekana Madrid mwaka wa 1862, mikononi mwa padre wa Kifaransa, Brasseur de Bourbourg.

Katika nakala hiyo mna ukurasa ambao sisi tunaofundisha watoto kusoma hatuwezi kuusoma bila kutabasamu. Landa alitaka kupata alfabeti ya Wamaya. Akamketisha mwenyeji mmoja msomi, akamtajia herufi za Kihispania moja moja kwa majina yake: a, be, na kadhalika. Mmaya akachora alichosikia. Padre aliposema "be", akachora njia yenye alama za nyayo, kwa kuwa katika lugha yake "be" ni njia. Padre akaendelea kumsumbua kwa tahajia asiyoielewa. Mwisho alipotakiwa aandike sentensi nzima aliyoichagua mwenyewe, akaandika kwa alama zake, "Ma in kati", maana yake, "Sitaki". Landa akainakili kwa uaminifu.

Wataalamu wa Ulaya walijaribu kuisomea alfabeti hiyo miaka mingi, ikakataa, wakasema ya kuwa Landa hakuelewa kitu. Wengi wakafundisha ya kuwa maandishi ya Wamaya si maandishi ya maneno, ni alama za nyota na siku tu. Ndipo mwaka wa 1952, mwaka ule ule kaburi la Pakal lilipofunguliwa, kijana wa Leningrad, Yuri Knorozov, akatoa maelezo yake. Alisema: Landa aliuliza herufi, lakini Mmaya alimjibu kwa silabi. Yaani si b, bali be. Si k, bali ku. Kila mtoto aliyekaa katika darasa letu la kwanza akiimba ba, be, bi, bo, bu angeweza kulifahamu jambo hili kuliko mabwana wale. Katika kitabu kimoja palikuwa na picha ya bata mzinga, na juu yake alama mbili. Ya kwanza, kwa ukurasa wa Landa, ni ku. Bata mzinga kwa Kimaya ni kutz. Basi ya pili ni tzu, na irabu ya mwisho haitamkwi. Mahali pengine juu ya picha ya mbwa alama hiyo ya tzu yaanza, kisha yafuata ile iliyo katika ukurasa wa Landa kwa sauti ya lu: tzul. Na tzul, katika Kimaya cha kale, ni mbwa.

Wakubwa wa elimu hiyo walimpinga kwa muda mrefu. Lakini mwaka wa 1960 Tatiana Proskouriakoff, akichunguza mawe ya mji wa Piedras Negras, alionyesha ya kuwa tarehe zake zajipanga katika mafungu, na kila fungu halipiti urefu wa maisha ya mtu mmoja. Zilikuwa tarehe za kuzaliwa na kutawazwa kwa wafalme. Basi njia zote mbili zikakutana, na mawe yakaanza kusomwa. Hivyo ndivyo tulivyopata majina ya Pakal na Jasaw Chan K'awiil na malkia Xook, tuliyoyaandika hapo juu kana kwamba yalijulikana siku zote. Huko Copán iko ngazi yenye alama zaidi ya 2,000, historia ya wafalme wa mji ule. Lakini mawe yake mengi yalikuwa yameporomoka, na waliyoyarudisha hawakuweza kuyasoma, wakayapanga ovyo, hata sasa yasomwa kama kitabu ambacho upepo umezichanganya kurasa zake.

Imebaki habari ya Popol Vuh. Waandishi wake, Wak'iche' wasiojitaja majina, waliiandika yapata katikati ya miaka ya 1550, na mwanzoni mwake wasema ya kuwa waiandika wakiwa tayari ndani ya Ukristo, kwa sababu kitabu cha zamani hakionekani tena. Waliificha zaidi ya miaka 140. Kisha kati ya mwaka wa 1701 na 1703 wazee wa Chichicastenango walimwonyesha padre wao, Francisco Ximénez, Mdominiko aliyejifunza lugha yao. Kwa nini walimwamini huyu, baada ya yote yaliyotendwa na wenzake? Hakuandika. Aliketi akanakili neno kwa neno, kisha akawarudishia kitabu chao, wala hakijaonekana tena tangu siku hiyo. Nakala yake iko Chicago sasa. Kila ukurasa una safu mbili: upande mmoja Kihispania cha padre, upande wa pili Kik'iche', ambacho watu wapatao milioni moja wangali wakikisema huko Guatemala, wengi wao wakipanda mahindi.